Siku Nne Tulizozichukua kwa Majirani

Mpendwa Baba Hadija,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Yako sitaiuliza, hiyo ni kati yako na Mola wako. Yangu ni hii: sijatulia. Tangu asubuhi nimeinuka kwenye hiki kigoda sijui mara ngapi, mara nifuate maji, mara nifunge mlango, mara niufungue tena. Naandika mwenyewe, ndiyo, kwa mkono huu huu uliokuwa unausema kwamba unajua kushika mwiko tu. Siku hizi tunasoma ngumbaro, tunabanana jioni kwenye madawati ya watoto, mimi na Bi Tausi jirani yetu na wanawake wengine wa mtaani. Bi Tausi ana mwandiko mzuri kuliko wangu, usicheke.

Barua hii siitii kwenye bahasha. Naiacha wazi, atakayeiokota aisome. Siri moja niliyoiweka na wewe imenitosha.

Unakumbuka ulivyonitoa kwetu Buswelu? Baba yangu alikuwa na ng'ombe wake, hakuwa na shida na mtu wa mjini, Mmanyema mwenye kofia nyeupe na kucha nyeusi za masizi. Ulikuja mara ya kwanza akakuambia hapana, mara ya pili akajifanya hayupo, na mara ya tatu akacheka akasema, "Huyu hachoki, mpeni mtoto aende naye." Nikasilimu kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga. Ramadhani yangu ya kwanza nilikunywa maji mchana nikiwa natwanga, nimejisahau kabisa, nikakaa chini nikalia. Ukaniambia, "Nyamaza. Aliyesahau hana kosa. Mwenye kosa ni anayejua." Maneno yale uliyatamka wewe, na ndiyo yaliyonikaa shingoni miaka yote hii.

Kwa atakayesoma na hakuijua jineri ya Mkuyuni ilivyokuwa siku zile, niseme. Ilikuwa kiwanda cha kampuni, cha kutenganisha pamba na mbegu zake. Pamba ilikuja kutoka kila upande wa Usukuma, ikachambuliwa, ikashindiliwa kuwa marobota, na marobota yakapakiwa kwenye mabehewa ya treni yaliyosogezwa mpaka ukutani. Mashine zote zilikwenda kwa mvuke, na mvuke ulikuwa wako. Wewe ulikuwa mtu wa boila. Mnyororo wa king'ora ulining'inia pembeni ya kiti chako, ukiuvuta watu wanaingia kazini, ukiuvuta wanatoka.

Mwezi wa Ramadhani king'ora kilikuwa na kazi nyingine. Mtaa wetu uko nyuma ya jabali, jua linatupotea mapema na hatujui limezama lini. Muadhini wetu, mzee Saidi, alikuwa na saa ya mfukoni isiyoaminika na macho yaliyokuwa yanazidi kufifia. Basi wewe ulimwomba meneja ruhusa, naye akakubali bila maneno mengi. Kila jioni ulipanda ile ngazi ya chuma hadi juu ya paa, ukatazama ziwani mpaka jua lilipoingia lote nyuma ya milima ya ng'ambo, ukashuka, ukavuta. Mzee Saidi akisikia anaadhini, na sisi tunafungua. Mtaa mzima ulikula tende yake ya kwanza kwa mkono wako. Nilikuwa najivuna, sitaficha. Wanawake wakiniambia, "Mumeo leo katuchelewesha," nilikuwa najibu, "Mlalamikieni jua."

Meneja hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Angekuwa mkali ningekuwa na pa kumwaga hasira yangu. Lakini alikuwa akiwasalimia watu, Hadija alipougua surua alitupa gari lake twende hospitali. Alitaka mabehewa yaondoke yamejaa, basi. Na mwaka ule wa pamba nyingi, miaka ya hamsini ndiyo kwanza inaanza, Ramadhani iliangukia katikati ya msimu. Kichwa cha treni kilikuwa kinakuja kuvuta mabehewa mara tu baada ya magharibi. Makuli waliofunga, wakisikia king'ora, waliweka marobota chini wakaenda kufuturu. Wakirudi, treni imeshafika na mabehewa hayajajaa, yanalala mpaka kesho, na reli inaitoza kampuni.

Akakuita ofisini akakuambia uvute robo saa mapema. Wafuturu mapema, warudi mapema. Robo saa tu.

Ukavuta.

Nilijua siku ya nne. Ulikuwa wakati wa viazi, unakumbuka, nilikuwa nimeanika michembe, vile vipande vya viazi, juu ya jabali kama tunavyofanya kwetu, na siku hiyo nilichelewa kuianua. Nikapanda jua likiwa linaelekea kuzama, nimefunga tende mbili kwenye pindo la kanga ili adhana isinikute mikono mitupu. Nikiwa nazoa michembe kwenye kapu, king'ora kikalia. Mzee Saidi akaadhini. Nikasema bismillahi, nikatia tende mdomoni, nikageuka upande wa ziwa.

Jua lilikuwa juu ya milima. Halijagusa. Lilikuwa zima, jekundu, na maji yote chini yake yanang'aa.

Nikaitema ile tende mkononi. Nikasimama pale kama mjinga nimeshika tende iliyotafunwa. Chini nilisikia vikombe, nilisikia watoto wanaitana, nilimsikia Bi Tausi anasema Alhamdulillahi kwa sauti yake ile ya kukauka. Nilifikiri ningepiga kelele. Sikupiga. Niliposhuka aliniita, "Mama Hadija, njoo bwana, uji unapoa," na mimi nikaenda nikakaa naye jamvini, nikachukua bakuli. Hapo ndipo kosa lako lilipokuwa langu pia.

Kesho yake alasiri nilikufuata kazini. Ulitoka getini umejifunga kitambaa kichwani, nyuzi za pamba zimejaa nyusi zako.

"Jana jua lilikuwa juu," nikakuambia.

Hukuniuliza jua gani. Uliuliza, "Umeliona wapi?"

"Juu ya jabali. Nilikuwa na michembe."

Ukajifuta mikono kwenye suruali, ukajifuta tena. "Ni kwa ajili ya mabehewa. Siku nne tu."

"Mabehewa nayo yanafunga?"

"Mama Hadija, nikikataa anamweka mwingine. Chumba tunachokaa ni cha kampuni. Tutakwenda wapi, Buswelu kwa baba yako nikachunge?"

"Na wewe ulikunywa maji saa ngapi?"

Ukakung'uta nyuzi kwenye nyusi. Nilirudia swali, ukatazama chini. Ulikuwa umesubiri. Siku zote nne ulivuta mnyororo, ukapanda ngazi, ukakaa na kikombe chako mpaka jua likazama kweli, ndipo ukanywa. Funga yako ulikuwa umeitunza salama. Sijawahi kukuchukia, lakini dakika ile nilikuchukia, na ninakuandikia ili ujue.

Nikakuambia: nenda kwa meneja sasa hivi, au mimi naenda msikitini. Ulijua sitanii. Ukaenda, na mimi nikabaki getini nimesimama juani. Hukukaa sana. Ulirudi uso umekupwaya. Ulikuwa umemwambia kwamba kuna makuli Wasukuma wasiofunga, hao wapakie peke yao wakati wa futari, wenzao wakitoka kufuturu wawapokee. Ukasema bwana meneja hata hakuinua kichwa. Alisema, "Vizuri. Ungesema mapema."

Baba Hadija, ile "ungesema mapema" ndiyo iliyonitoa usingizi, si robo saa. Kampuni haikuwa na ugomvi na Ramadhani yetu. Ilitaka mabehewa yajae, ikashika njia iliyokuwa karibu, na njia iliyokuwa karibu ilikuwa wewe. Ungesema hapana ingetafuta nyingine, na haikuwa mbali. Lakini tulikuwa tumeshazoea kuitikia kabla hatujamaliza kuambiwa. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mtu anayetafuta faida nilimwelewa, hata baba yangu na ng'ombe wake alikuwa anatafuta faida. Sikutuelewa sisi, tulivyompa kitu ambacho hakikuwa chetu, kilikuwa cha majirani.

Jioni hiyo ulipanda ngazi kabla ya kuvuta, kama zamani. Nikadhani sasa utakwenda msikitini Ijumaa, useme, watu wajue wana siku nne za kulipa. Hukwenda. Uliniambia, "Nikisema wataniua kwa macho. Na king'ora hawatakiamini tena. Niachie mimi, nitawalipia."

"Utawalipiaje?"

"Nitafunga."

Mimi mwanafunzi wako, mimi niliyesilimu ukubwani, nilijua kwamba aliye hai hafungiwi na mtu mwingine. Wewe uliyezaliwa ndani ya dini ulijifanya hujui. Na mimi nikakubali, kwa sababu nilikuwa na chumba chenye bati na mtoto shuleni, na nilipenda kuitwa mke wa mtu wa king'ora.

Ukafunga. Jumatatu na Alhamisi, mwaka kwa mwaka, mbele ya ule mdomo wa moto, na mashine zinatema nyuzi za pamba mpaka mate yanakuwa meupe. Sijui ulikuwa unahesabu vipi. Sijui ulianza na nyumba gani, kama ulimaliza ya mzee Saidi ukahamia kwa Bi Tausi, au ulifunga tu ukamwachia Mungu apange. Nilikupikia uji wa ulezi na kukutazama ukinywa, midomo imepasuka, na tukizungumza tulizungumza habari za bei ya sukari. Bi Tausi alikuwa ananiambia, "Mume wako mcha Mungu, shoga yangu, sijaona mfano wake," na mimi nilikuwa namwitikia. Wewe ulikuwa umelala ndani unasikia.

Daktari alisema mapafu. Vumbi la pamba, alisema, wamekwenda wengi wa jineri kwa njia hiyo. Sitasema ni funga. Sitasema pia kwamba si funga.

Ulituacha miezi michache kabla ya bendera kubadilishwa. Hukuona watu walivyojaa barabarani, hukumwona Hadija na sare zake za shule anaimba mpaka sauti imekauka. Siku ile nililia kuliko siku ya maziko yako, na wanawake wakanishika wakidhani ni furaha. Ilikuwa furaha pia. Nilikuwa nafikiri sasa hakuna mtu atakayeogopa tena kusema hapana ofisini.

Basi sikiliza. Jineri sasa ni ya ushirika wa wakulima. Meneja ni mtoto wa huku huku, Bwana Masanja, kijana mpole, Mkristo, anatuamkia shikamoo mpaka tunaona aibu. Alipokuja alisikia habari zako. Tangu ulipofariki king'ora cha Ramadhani kilikuwa kimekufa, aliyeshika boila baada yako hakutaka kupanda ngazi. Bwana Masanja akaja hapa nyumbani na mzee Saidi, akakaa kwenye kiti chako, akasema mwezi wa Shaabani hautaisha kabla hajakutana na mtaa wote uwanjani pa jineri, awaambie king'ora kinarudi, na wewe utajwe mbele ya watu kama mtu ambaye hakukosea hata siku moja. Mzee Saidi akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka kwenye yale macho yasiyoona. Nilishukuru. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria kanga gani nitavaa, Mungu anisamehe.

Akiwa mlangoni anaaga, Bwana Masanja akageuka. "Mama, samahani, hivi ni lazima mtu apande juu kila siku? Saa ya ofisini haitoshi? Maana pamba ni nyingi mwaka huu, bado tunachambua, na jioni kuna mabehewa."

Alisema kwa upole kabisa. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Nilimwangalia, nikashika mwimo wa mlango.

Nikamwambia, "Ni lazima, mwanangu." Alikubali, akaenda zake. Lakini mimi tangu dakika hiyo sikukaa. Nilifagia uwanja uliofagiliwa. Nilikwenda sokoni nikarudi bila nilichokifuata. Kiwanda ni chetu, faida ni yetu, itajenga shule, itachimba visima, nayapenda hayo yote. Na jioni bado kuna mabehewa. Na atakayekuwa ameshika mnyororo siku hiyo ataambiwa habari za mtu ambaye hakukosea hata siku moja, na hatajua kwamba robo saa inaweza kuchukuliwa kwa mtaa mzima bila mtu kusikia.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Bwana Masanja alikusifu vizuri, akaniita nisimame niseme neno. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kusema ahsante.

Nikawaambia. Nilisema mwaka gani, siku ngapi, nani aliamrisha, nani alivuta na nani alijua akanyamaza. Nilisema umefunga kwa ajili yao mpaka umekufa na kwamba haikuwafaa kitu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Marehemu hasemwi hivyo," na mwingine akamjibu, "Acha aseme." Mzee Saidi aliuliza walio karibu naye, "Mimi niliadhini? Siku hizo niliadhini mimi?" Swali hilo ndilo lililonivunja.

Bi Tausi alikuwa mbele yangu kwenye mkeka. Miaka yote hiyo bakuli lake na langu ni moja.

"Siku ngapi, umesema?"

"Nne."

"Shaabani imebaki siku ngapi?"

"Tisa."

Akatafuta viatu vyake kwa mguu, akavivaa. "Basi tunaanza kesho. Na wewe usiniite shoga."

Siku zile nne, Baba Hadija, hapakuwa na moshi mtaani asubuhi. Hakuna uji, hakuna vitumbua, hata waliohamia juzi ambao hawana deni na mtu walifunga kwa kutuonea haya. Makuli walifunga huku wanabeba marobota, na Bwana Masanja aliposikia aliwapa zamu wasiofunga wapakie jioni, kabla hajaombwa. Mimi zangu nne nilishazilipa kimya kimya mwaka ule ule. Lakini nilifunga tena nao. Nilinuia ziwe kwa ajili yako. Ninajua, ninajua, wewe ulikuwa na funga yako salama, huna siku ya kulipiwa. Shekhe ataniambia nia kama hiyo hakuna. Nimerudia kosa lako lile lile, na sijutii.

King'ora watu walikikataa. Walimwambia Bwana Masanja kwa adabu kwamba kilie cha kazi tu. Mwaka huu na miaka yote, jua tutaliangalia wenyewe.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya nne. Jioni mtaa wote ulipanda jabali, pale pale nilipokuwa naanika michembe, wazee wakashikwa mikono, mzee Saidi akabebwa mgongoni. Kila mtu na kikombe chake cha maji. Bi Tausi alikuwa na debe tupu la mafuta ya taa na mchi. Alikuwa hajanisemesha tangu uwanjani. Akaja akaweka debe mbele ya miguu yangu, akanipa mchi.

"Wewe ndiye uliyeliona," akasema. "Piga wewe."

Jua likagusa milima ya ng'ambo. Likaingia nusu. Likaingia lote. Watu wakasema, "Piga, Mama Hadija." Mzee Saidi akauliza, "Tayari?" Mkono wangu ulikuwa juu na haukushuka. Chini, jineri ilikuwa inanguruma, na nilikuona, nakwambia kweli, nilikuona juu ya lile paa na kikombe chako mkononi, bado unasubiri.

Nikasubiri na wewe kidogo. Kisha nikapiga, unywe.

Ni mimi mkeo,
Mama Hadija